TAHADHARI: Dalali wa safari za meli Mto Columbia anazunguka kwenye magrupu yetu

Ndugu zangu wa Washington na Oregon, hasa mnaotarajia kutembelewa na wazazi kiangazi hiki: kuna dalali anauza safari ya meli ndogo kutoka Portland hadi Boise, kwa Mto Columbia kisha Snake. Maneno yake matamu, kila mtu ni dada au kaka. Familia mbili ninazozifahamu zimeshamtumia amana kwa Zelle, ile huduma ya kutuma pesa kupitia benki. Walipodai namba ya buking, akawablock.

Tangazo lenyewe linajichoma. Hakuna meli ya abiria inayofika Boise! Meli za huku hupandishwa kwenye mabwawa manane, manne ya Columbia na manne ya Snake, na safari inakomea Clarkston na Lewiston. Mbele ya hapo ni Hells Canyon, maji ya boti za kasi, na bwawa la huko halina njia ya kupitisha meli. Halafu ile picha ya kwenye tangazo: jamani, Columbia ina kasri la kizungu kilimani tangu lini? Hiyo ni meli ya Mto Rhine, Ujerumani. Sheria ya Marekani ya 1886 inazuia meli za kigeni kubeba abiria baina ya bandari za humu, na hiyo ni sababu mojawapo ya safari hizi kuwa ghali. Ukiona bei ya kutupa, shtuka.

Kilichowanasa wengi ni hiki: "pesa yako inalindwa na serikali." Ni kweli Federal Maritime Commission, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara ya meli, inazidai kampuni dhamana ya kurudishia abiria nauli, ila ni kwa meli zenye vitanda 50 au zaidi. Yake, kwa maneno yake mwenyewe, ina 40. Na dhamana hiyo ni ya kampuni ya meli ikishindwa kusafirisha watu, haimhusu dalali aliyekula hela.

Washington, muuza safari lazima asajiliwe Department of Licensing, idara ya leseni ya jimbo. Jina analotumia nimelitafuta, halipo. Kabla ya kulipa, pigia kampuni ya meli kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si aliyokupa yeye, na ulipe kwa kadi ya mkopo.

Mliokwisha kutuma kwa Zelle, pigieni benki leo hii, kisha ripotini reportfraud.ftc.gov, tovuti ya serikali ya kuripoti utapeli. Msifute meseji zake.

Tangu juzi anatumia namba nyingine yenye picha ya mama mtu mzima aliyevaa kitenge. Maadmin, akiomba kuingia msimkubali.