Michezo ya zamani ya Atelier: upi wa kununua, na kwa nini maandishi ndiyo kipimo

Malalamiko ninayopokea kutoka kwa wasomaji walionunua michezo ya Atelier yanafanana mno, na ndiyo yaliyonifanya niandike mwongozo huu. Hakuna hata mmoja anayelalamikia diski iliyokwaruzika au mashine iliyokufa. Mmoja aliuziwa diski yenye jalada zuri, akaiweka katika PlayStation 2 yenye chipu (kifaa cha kuongezewa kinachoifanya isome diski zilizotengenezwa kwa nchi nyingine), ikawaka bila shida, na kila neno lililotokea kwenye kioo likawa la Kijapani. Mwingine alinunua Atelier Rorona ya PlayStation 3, akaunganisha mashine na televisheni ya chogo kwa waya wa rangi tatu, akakuta majina ya malighafi hayasomeki. Wa tatu anacheza kwenye Nintendo Switch Lite na anasema kwamba akisoma orodha zake kwa muda mfupi tu, macho huanza kumuuma. Wote watatu walinunua michezo mizuri, na wote watatu wameiacha kabla ya kufika katikati.

Kwa asiyeifahamu familia hii ya michezo, inatoka kwa Gust, kampuni ya Nagano nchini Japani iliyoanzishwa mwaka 1993 na ambayo tangu mwaka 2011 imo chini ya Koei Tecmo. Mchezo wa kwanza, Atelier Marie, ulitoka Japani tarehe 23 Mei 1997 kwa PlayStation ya kwanza. Humo tunamfuata Marlone, anayeitwa Marie, mwanafunzi wa mwisho darasani katika chuo cha alkemia, yaani ufundi wa kuchanganya malighafi kupata vitu vipya, cha mji wa Salburg, ambaye mwalimu wake Ingrid anampa karakana na miaka mitano ya kutengeneza kitu kitakachomstahilisha kuhitimu. Wakati michezo mingi ya Kijapani ya aina hii ilimpa mchezaji upanga na kumtuma akaokoe dunia, Gust walimpa mchezaji chungu, kapu na kalenda. Unatoka nje ya mji kuokota majani, mawe na maji, unarudi kuvichanganya, siku zinapita, na mteja kwenye baa anasubiri dawa au bomu uliloahidi.

Sitazungumzia ubora wa picha, muziki, wala mapigano, kwa sababu mambo hayo yamejadiliwa kila mahali na tofauti zake zinaonekana kwa macho kabla ya kununua. Wala sitagombana na wanaochukia ukomo wa muda. Ninachopima ni maandishi: yako katika lugha gani, ni makubwa kiasi gani kwenye kioo ulichonacho, na yamepangwaje. Katika mchezo wa kupigana unaweza kubonyeza kitufe kwa kukisia na ukashinda. Katika mchezo wa alkemia huwezi, kwa kuwa kila uamuzi unapitia kwenye orodha: jina la malighafi, kiwango cha ubora wake, sifa zinazobebwa na malighafi hiyo, kitabu kinachoeleza uchanganyaji, na tarehe ya mwisho ya kazi. Mchezaji asiyesoma vizuri mistari hiyo ni mpishi aliyepewa kitabu cha mapishi kilicholowa maji, atapika, lakini hatajua alichopika. Mchezo wowote wa Atelier hauna Kiswahili, hivyo kwa wengi wetu tayari tunasoma kwa lugha ya pili, na ndiyo sababu zaidi ya kutokubali herufi ndogo au zilizofifia.

Niseme pia wazi kwamba ninaipendelea Gust. Zipo kampuni nyingine zilizoweka uchanganyaji wa vitu katika michezo yao, lakini kwingi ni kazi ya pembeni ambayo unaweza kuipuuza na bado ukamaliza hadithi. Gust ndio walioifanya kazi hiyo kuwa hadithi yenyewe, na wamekaa nayo tangu 1997. Kwa hiyo mpangilio ufuatao ni wa michezo yao peke yake.

Nafasi ya kwanza ninaipa Atelier Marie Remake, iliyotoka Julai 2023 kwa Switch, PlayStation 4, PlayStation 5 na kompyuta za Windows, katika maadhimisho ya miaka 25 ya mfululizo huu. Ni mchezo uleule wa 1997 uliojengwa upya, na ndiyo mara ya kwanza kwa Marie kuuzwa rasmi kwa Kiingereza, baada ya zaidi ya robo karne ya watu kusimuliwa tu. Sababu yangu kuu ya kuuweka juu ni kwamba muundo wake wa zamani umeufanya uwe na orodha fupi. Unanunua vitabu vya kumbukumbu, vitabu vinakupa maelekezo ya uchanganyaji, unatafuta malighafi na vifaa vinavyotajwa, unachanganya, basi. Hakuna msururu wa sifa ishirini zenye majina yanayokaribiana. Kila kinachoandikwa kinahusu jambo unalotaka kufanya sasa hivi, na hata ukiwa na kioo kidogo hulazimiki kuinama. Unaweza kuwaajiri vibwengo wakuokotee au wakuchanganyie vitu, na kwa wale wanaobanwa na kazi, kuna namna ya kucheza isiyo na ukomo wa miaka mitano. Mimi ninashauri mcheze na ukomo, kwa sababu kalenda ndiyo inayozipa thamani siku unazotumia msituni, na miaka mitano inamtosha mtu mwenye mpango.

Lalamiko langu kwa mchezo huu ni bei. Ulipotoka ulikuwa dola 49.99 za Marekani, na kwa mchezo ambao mtu makini anaweza kuumaliza katika majuma machache ya jioni, hiyo ni fedha nyingi. Subirini punguzo katika duka la mtandaoni. Tena, mnaonunua kwa kadi za malipo za Nintendo, hakikisheni kadi ni ya nchi ileile iliyoandikwa kwenye akaunti yenu, kwa sababu namba za kadi ya Marekani hazitakubaliwa kwenye akaunti ya Uingereza, na muuzaji akishakutumia namba hizo hakurudishii fedha.

Nafasi ya pili inakwenda kwa Mana Khemia: Alchemists of Al-Revis ya PlayStation 2, iliyotoka Japani mwaka 2007 na Marekani mwaka 2008. Najua wengi watashangaa kuona diski ya mashine ya zamani ikipita michezo iliyosafishwa upya, lakini kwa kipimo changu nafasi hiyo ni yake. Maandishi yake yalichorwa wakati watu wengi walikuwa bado na televisheni za chogo, kwa hiyo herufi ni nene, zimetengana, na zinasomeka hata kupitia waya wa rangi tatu. Uchanganyaji wake una gurudumu la elementi, yaani nguvu za asili kama moto na maji, ambalo linaonyesha, kwa rangi na namba, kila malighafi inakusogeza wapi, na kiwango unachofikia mwishoni ndicho kinachoamua sifa za kitu ulichotengeneza. Unaona kwa macho kile ambacho michezo mingine inakulazimisha ukisome kwenye jedwali. Juu ya hayo, mhusika mkuu Vayne na wenzake wa chuo cha Al-Revis hawapati nguvu kwa kuua wanyama tu: kila kitu kipya unachotengeneza hufungua nafasi katika kitabu chao cha ukuaji, na bila chungu hakuna anayeendelea. Sijaona Gust wakiufunga uhusiano wa chungu na mapambano kwa ustadi kama huo tena.

Tatizo ni upatikanaji. PlayStation 2 hufungwa kwa kanda, yaani husoma tu diski za eneo la dunia ambalo mashine ilitengenezewa, na mashine zilizotengenezwa kwa soko letu ni za kanda ya Ulaya, kwa hiyo diski ya Marekani haitasoma kwenye mashine isiyowekwa chipu. Kabla ya kutoa hata shilingi, muulize muuzaji namba iliyochapwa kwenye diski. Ikianza na SLUS ni ya Marekani, SLES ni ya Ulaya, na SLPS au SLPM ni ya Japani. Herufi hizo nne zingemwokoa msomaji wangu wa kwanza, na ni aibu kwamba wauzaji wanaojiita wataalamu wa michezo ya zamani hawaziweki kwenye matangazo yao. Wanapiga picha ya jalada la mbele peke yake, wakati mwingine picha iliyochukuliwa mtandaoni, wanaandika neno «orijino» kwa herufi kubwa, na ukiomba picha ya upande wa chini wa diski wanakujibu kwamba kuna mteja mwingine anayesubiri. Diski halisi ya mchezo huu ina uso uliochapwa vizuri na namba yake. Diski ya kuchoma ina karatasi iliyobandikwa au haina chochote. Anayekataa kuonyesha upande wowote wa bidhaa anayoiuza kwa bei ya mashine nzima ana la kuficha, na ninawaomba mumwache na diski yake.

Bei nazo zimepotea njia. Diski hizi zikiwa kwenye makapu ya mtumba hakuna aliyeziangalia. Mara neno «retro» lilipoingia midomoni mwa madalali, bei zikawa zinanukuliwa kwa dola, kisha dola hizo zinageuzwa kuwa shilingi kwa kiwango ambacho hakuna benki inayokijua, kisha inaongezwa gharama ya kusafirisha kitu ambacho tayari kiko Kariakoo. Ninaelewa kwamba bidhaa adimu ina bei yake. Sielewi kwa nini mnunuzi alipie safari ambayo haikufanyika, na ninaona ni haki yake kudai kuonyeshwa stakabadhi ya mzigo kabla ya kulipa gharama hiyo.

Nafasi ya tatu ni Atelier Rorona DX, iliyotolewa tena mwaka 2018 pamoja na michezo iliyoifuata, Totori na Meruru, kwa Switch, PlayStation 4 na kompyuta. Rorona ya asili ilitoka Japani mwaka 2009 kwa PlayStation 3, na hadithi yake ni ya kupendeza: ufalme wa Arland unataka kuifunga karakana ya Astrid, naye, kwa uvivu wake, anamwachia mwanafunzi wake Rorona kazi kumi na mbili za kutekeleza katika miaka mitatu, kila moja kwa miezi mitatu. Hapa ndipo sifa za malighafi zinapokuwa mchezo ndani ya mchezo, kwani unachagua zipi zirithiwe na bidhaa ya mwisho, na mtu mwenye subira anaweza kutengeneza bomu la ajabu kutokana na majani ya kawaida. Ningeiweka juu zaidi kama si herufi zake. Zilipangwa kwa televisheni za ubora wa juu, na kwenye kioo cha inchi 5.5 cha Switch Lite orodha ya sifa inakuwa mistari ya sisimizi. Kwenye inchi 7 za Switch OLED hali ni afadhali. Kwenye kompyuta au televisheni bapa haina tatizo kabisa, na kwa mwenye kifaa hicho ninaupendekeza bila kusita.

Toleo la PlayStation 3 la mchezo huohuo lina faida moja, kwamba diski zake hazifungwi kwa kanda, kwa hiyo ile ya Marekani itasoma kwenye mashine yako. Lakini PlayStation 3 za mtumba huuzwa kwetu na waya wa rangi tatu tu, na waya huo unaharibu maandishi hata kwenye televisheni mpya. Nunua waya wa HDMI siku hiyohiyo unayonunua mashine. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika mwongozo huu, na muuzaji anayejali angemwambia mteja.

Nafasi ya nne ni Atelier Iris: Eternal Mana ya PlayStation 2, mchezo wa kwanza wa Atelier kutolewa kwa Kiingereza, Marekani mwaka 2005 na Ulaya mwaka uliofuata. Toleo la Ulaya, lenye SLES, linasoma kwenye mashine zetu bila chipu. Maandishi ni safi. Klein, mhusika mkuu, anavunjavunja vitu ili kupata elementi, na madukani unawaomba wenye duka wakutengenezee bidhaa huku ukibadilisha malighafi uone matokeo, jambo linalofurahisha. Kalenda lakini haimo, na bila kalenda ninahisi kwamba karakana imegeuzwa kuwa kituo cha kupumzikia katikati ya safari.

Kwa mwenye fedha kidogo kuna Atelier Annie ya Nintendo DS, ya mwaka 2009, yenye miaka mitatu ya kukijenga kisiwa cha Sera kiwe cha kitalii. Kanda haimzuii mtu, ila katriji feki za DS zimezagaa mno. Mana Khemia ya PSP, mashine ya mkononi ya PlayStation, iepukwe, kwa kuwa inachukua muda mrefu kupakia kila mlango unaoufungua.

Diski za Kijapani za Marie na za mchezo ulioufuata, Elie, za PlayStation ya kwanza, za miaka ya 1997 na 1998, zinunuliwe na wanaosoma Kijapani peke yao. Kwa hao ni hazina, na kwao ningeziweka juu ya orodha hii yote. Wengine wanaoulizia kwa sababu jalada ni zuri na bei imeshuka kidogo, waombe kwanza picha ya namba iliyochapwa kwenye diski, na wakiona SLPS au SLPM, fedha hiyo waitunze kwa ajili ya punguzo la Marie Remake.