Servisi kubwa ya pikipiki: kwa dila au ufanye mwenyewe?

Watu wakiona bili ya servisi kubwa wanadhani wamepigwa kwenye oili na plagi, kumbe pesa nyingi ni ufundi, yaani masaa. Kupima klirensi ya valvu tu (ile nafasi ndogo kati ya valvu na kinachoisukuma) mara nyingi inabidi utoe tenki, wakati mwingine na radieta, ndo ufike kwenye kifuniko cha valvu, na injini lazima iwe imepoa kabisa.

Kwa dila unalipia masaa hayo yote, ila unapata muhuri kwenye kitabu, ambao unasaidia siku ya kuuza, na kazi yao wakiiharibu wanawajibika.

Ukifanya mwenyewe unalipia vifaa tu, fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), toki spana (spana ya kukaza kwa kipimo), gaskiti. Hapa angalia injini yako kwanza. Kama tapeti (sehemu inayosukuma valvu) ni za skrubu na nati, mtu makini anaweza, unalegeza nati, unazungusha skrubu mpaka fila ipite kwa kukwaruza kidogo, unakaza. Ila kama ni za shimu (visahani vya unene tofauti vinavyoweka hiyo nafasi), valvu ikitoka kwenye kipimo mara nyingi unatoa kemshafti (shafti inayofungua valvu), na ukikosea taimingi, yaani kuirudisha ikiwa haijalingana na mzunguko wa injini, unaweza kupinda valvu, hapo ile pesa uliyookoa yote imeenda.

Na msiruke hii kazi kisa injini haipigi kelele, valvu iliyobana (nafasi yake imepungua) haina kelele, inaungua kimyakimya.

Mimi naona oili, plagi, cheni na fluidi ya breki (hii kawaida kila miaka 2) fanya mwenyewe, valvu za shimu mpe fundi unayemwamini.