Dakika 23 za Foleni ya Maji: Uzoefu Wangu na Filamu Fupi ya Kichekesho ya Kitamil

Mwezi uliopita rafiki yangu wa Chennai, jiji la Watamil kusini mwa India, ambaye tulipanga naye nyumba moja wakati nikisoma huko, alinitumia filamu fupi ya kichekesho aliyoitengeneza pamoja na wenzake watano wa kazini, akaniomba niitazame na nimwambie ukweli bila kumwonea haya. Jina la filamu nitaliacha, kwa kuwa waliocheza si waigizaji bali ni watu wenye ajira zao, na mmoja wao, kwa jinsi nilivyoambiwa, alimwomba bosi wake ruhusa ya ugonjwa siku ambayo anaonekana akikimbia barabarani na mtungi wa plastiki kichwani. Nimeitazama mara tatu: kwanza kwenye simu, kisha kwenye televisheni pamoja na mama na wadogo zangu ambao hawajui hata neno moja la Kitamil, na mwisho peke yangu nikiwa na kalamu na karatasi.

Kisa kinatokea Chennai katika kiangazi cha mwaka 2019. Mwaka huo mabwawa manne yanayolisha jiji, yaani Poondi, Cholavaram, Red Hills na Chembarambakkam, yalikauka mpaka chini ikabaki ardhi iliyopasuka, na ilipofika Julai ikabidi maji yaletwe kwa treni kutoka Jolarpettai, zaidi ya kilomita 200 kutoka jijini. Nilikuwapo, na nathibitisha kwamba filamu haikutia chumvi: ratiba ya mtaa mzima iliamuliwa na lori la maji, na watu hawakusimama foleni wao wenyewe, bali walisimamisha mitungi yao. Mtungi huo, ambao Watamil huuita kudam, ni wa plastiki, una tumbo la mviringo na shingo nyembamba, na huuzwa kwa rangi kali zinazoonekana kutoka mbali. Ukiuweka kwenye mstari, nafasi ni yako hata ukirudi kulala.

Hapo ndipo kichekesho kilipozaliwa. Kijana mgeni mtaani, aliyetoka Coimbatore, mji mwingine wa Watamil, kuja kufanya kazi ya kompyuta, anaweka mtungi wake wa rangi ya chungwa saa kumi alfajiri, anarudi kulala, na anapoamka anakuta mstari una mitungi kumi na mmoja ya rangi hiyohiyo. Kila mwenye mtungi anadai kuwa wa mbele ndio wake. Dakika zinazofuata ni kesi inayoendeshwa barabarani na bibi mmoja aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kwa maoni yangu dakika hizo tisa ni nzuri kuliko mambo mengi niliyoyatazama mwaka huu, yakiwemo yaliyogharimu fedha nyingi.

Uzuri wake uko katika lugha. Kitamil kina sura mbili zilizoachana mbali: kile cha maandishi na hotuba, na kile cha mazungumzo, ambacho nacho hubadilika kutoka mji hadi mji. Watu wa Coimbatore husifiwa kwa upole wa maneno yao, kwa sababu hupachika kiambishi cha heshima, “-nga”, karibu kila mwisho wa sentensi, ilhali lugha ya mitaani ya Chennai ni ya mkato na haina subira na mtu. Kwa hiyo kijana anasukumwa, anakanyagwa na kuitwa mwizi, naye anaendelea kujibu kwa adabu kamili, mithili ya Mpemba mpole aliyeshushwa Kariakoo kwenye msongamano wa daladala. Adabu ikishindwa, anaandika tangazo la mtungi uliopotea kwa Kitamil cha vitabuni na kulisoma kwa sauti mbele ya umati kama msomaji wa taarifa ya habari. Bibi anamsikiliza hadi mwisho, kisha anamuuliza jirani yake kwa masikitiko ni nani aliyefariki. Nilicheka peke yangu mpaka nikairudisha nyuma kuitazama tena.

Bibi huyo ni nyanya wa mmoja wa vijana, na nasikia alikataa kabisa kusoma mswada, akataka aelezwe tu ugomvi unahusu nini kisha aachwe auamue mwenyewe. Inaonekana. Wengine wote wanasubiri zamu yao ya kusema, yeye anasikiliza.

Tatizo kubwa kwa mtazamaji wa nje ni tafsiri ya Kiingereza iliyoandikwa chini ya picha, ambayo inafuta karibu kila kitu nilichokieleza hapo juu. Watu wanaitana anna, akka, thambi na machan, na tafsiri inaandika “rafiki” au “bwana”, au inaruka kabisa. Tulipotazama na familia, nililazimika kugeuka mkalimani, na katikati ya kazi hiyo nikatambua kwamba Kiswahili hakihangaiki hata kidogo: anna ni kaka, akka ni dada, thambi ni mdogo wangu, na machan, ambalo vijana wa Kitamil huitana hata bila undugu wowote, maana yake ya asili ni shemeji, jambo ambalo mtu wa Dar es Salaam hahitaji kufafanuliwa. Mama, aliyekuwa amekaa kimya kwa dakika saba za Kiingereza, alianza kucheka mara tu mashemeji walipoanza kugombania mtungi. Nimemwandikia rafiki yangu kwamba niko tayari kutafsiri filamu nzima bila malipo.

Upande wa kasoro, kuna dakika kama nne ambazo ningeziondoa zote. Kwa miaka mingi sinema ya Kitamil ilikuwa na mkondo wa vichekesho uliokwenda sambamba na hadithi kuu bila kuitegemea sana, ukiwa na wachekeshaji wake maalumu. Katika miaka ya 1980 na 1990 waliotawala mkondo huo ni Goundamani na Senthil, mmoja akifoka na kupiga makofi, mwingine akipokea kwa uso wa mtu asiyeelewa kosa lake. Vijana wawili katika filamu hii wanajaribu kuwaiga, wanazabana makofi karibu na lori, na kila kofi limewekewa mlio wa springi ya chuma. Kofi la Goundamani lilichekesha kwa sababu ya sekunde iliyotangulia, pale alipokuwa anatafuta tusi lenye hadhi ya kosa lenyewe. Hawa hawatafuti kitu, wanapiga tu.

Dokezo moja la ucheshi wa sinema limekaa vizuri, nalo ni la Nesamani. Mwishoni mwa Mei 2019, mhusika wa filamu ya zamani aliyechezwa na mchekeshaji Vadivelu, mkandarasi Nesamani aliyeangukiwa na nyundo kichwani, aligeuka kuwa gumzo la dunia kwenye mitandao, watu wakimwombea apone kana kwamba ni mtu halisi. Filamu inamwonyesha mtu kwenye foleni ambaye simu yake imejaa dua za Nesamani huku mtungi wake ukiwa mkavu. Hakuna anayesema neno, na picha inakatwa upesi.

Kuhusu ufundi, kamera si tatizo. Picha ziko wazi, na jua la Chennai limewafanyia kazi ya taa. Sauti ndiyo inayoiangusha filamu: nusu ya kwanza ina kunguru na honi zinazofunika maneno, na nusu ya pili imerekodiwa upya ndani, nadhani kabatini, hivyo midomo inafunga wakati maneno bado yanatoka. Inasikitisha, kwa sababu mlio wa mitungi mitupu ikigongana wakati lori linapokata kona umenaswa vizuri kuliko muziki wote waliouweka.

Nilipouliza gharama, niliambiwa walichanga rupia 18,000, na kwamba 6,000 kati ya hizo zilikwenda kukodi droni kwa nusu siku. Droni hiyo imetupa sekunde 40 za mapaa ya nyumba. Naelewa kilichowasukuma: tangu shindano la filamu fupi la Kalaignar TV, liitwalo Naalaiya Iyakkunar, limtoe mwongozaji kama Karthik Subbaraj au Nalan Kumarasamy na kumfikisha kwenye sinema kubwa, kijana wa Kitamil anayetengeneza filamu fupi huwa anazungumza na watazamaji wawili kwa wakati mmoja, yaani mimi ninayetaka kucheka, na mtayarishaji asiyejulikana anayetaka kuona kama huyu anaweza kuongoza jambo kubwa. Droni, wimbo wa dakika mbili na milio ya makofi ni za yule mtayarishaji. Bibi, tangazo na mitungi havikugharimu kitu, na ndivyo pekee nilivyovikumbuka siku iliyofuata. Fedha ile ingenunua maikrofoni mbili za kubana kwenye nguo na chenji ikabaki ya chai.

Nimeipa alama 6 kati ya 10, na dakika zile tisa za kesi nimezipa 9. Anayeijua Chennai aitazame bila kusita. Asiyejua Kitamil atafute mtu wa kukaa naye pembeni.

Rafiki yangu ameyapokea yote kwa moyo mweupe isipokuwa moja. Sauti watairekodi upya, makofi watayapunguza, na nyanya ameshaulizia malipo yake kwa filamu ya pili. Droni, amesema, haiwezi kuondolewa, kwa sababu mwenye nayo anamchumbia dada yake, na safari hii neno machan limetumika kwa maana yake halisi.