Mkataba wa msimu au wa mwezi mwezi?
Kijana wa Tanga anayekwenda kucheza kikapu Ulaya huletewa mikataba ya aina mbili. Wa msimu, miezi 8 hivi, kwa kawaida huja na nyumba na tiketi ya kwenda na kurudi. Ila klabu ikiyumba, mshahara wa Januari unafika Machi, nawe umefungwa. Wa mwezi mwezi, mara nyingi wa kuziba pengo la majeruhi, unakuacha huru. Lakini ukiteguka kifundo cha mguu, unafungasha begi.

Kwa anayeanza, bora wa msimu, mradi mshahara uandikwe ni wa baada ya kodi, na kiwemo kifungu cha kupeleka mgogoro BAT, baraza la usuluhishi la mpira wa kikapu, Geneva. Bila hicho utadai mpaka uote mvi. Barua ya ruhusa ya shirikisho la nyumbani nayo ifuatiliwe mapema. Isipofika, utakaa benchi na nguo za nyumbani.