Pesa kwa simu au gunia la mahindi?

Njaa ikibisha hodi, shirika lisilo la kiserikali huchagua: kugawa chakula au kutuma pesa.

Chakula kinahesabika. Viwango vya Sphere, mwongozo wa kimataifa wa misaada ya dharura, hupanga kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kasheshe iko njiani: malori, ghala, makuli, foleni. Mahindi yakiwekwa ghalani na unyevu unaozidi asilimia 13.5, kuvu huota na sumukuvu hufuata; shehena nzima huishia kutupwa. Na ukiwagawia ngano watu wa ugali, usishangae kuikuta sokoni kwa bei ya chee.

Pesa haihitaji lori. Kule Siaya, Kenya, shirika la GiveDirectly lilizipa kaya zaidi ya 10,000 takriban dola 1,000 kila moja kwa njia ya simu. Watafiti waliofuatilia vijiji 653 walikuta bei imepanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu, na majirani wasiopewa wamefaidika pia, kwani pesa ilizunguka dukani na kwa mafundi. Kinachokwamisha ni vitu vidogo: laini imesajiliwa kwa jina la shemeji, au wakala ameishiwa pesa taslimu siku ya malipo. Hakiki majina mapema, kisha lipa kwa makundi.

Lakini Siaya ina masoko yanayofanya kazi. Kabla ya kuamua, waulize wafanyabiashara wanaweza kuleta magunia mangapi kwa wiki. Wakijibu kwamba barabara imekatika, peleka chakula, noti hazipikiki. Wakiwa na shehena, tuma pesa.