Kuotesha Kitaluni au Kupanda Moja kwa Moja Shambani?

Nyanya, kabichi na pilipili hoho zina mbegu ndogo na miche dhaifu, kwa hiyo mimi naunga mkono kuziotesha kitaluni. Unamwagilia eneo dogo, unawaona wadudu mapema, na unachagua miche yenye shina nene. Siku ya kuhamisha subiri jioni, na umwagilie kitalu kwanza ili mche ung'oke na udongo wake. Mizizi ikipigwa na jua, mche husinyaa.

Karoti usizihamishe kamwe: mzizi mkuu ukijeruhiwa, karoti hutoka imegawanyika kama panda. Mahindi na maharage nayo hupandwa moja kwa moja, kina cha sentimita 3 hadi 5. Kazi hupungua, ila palizi ya kwanza usiicheleweshe, maana magugu huota pamoja na zao.