Mwongozo wa Udahili wa TCU: Usome Kabla Hujalipia Fomu

Tangu mwaka 2017 anayetaka shahada ya kwanza Tanzania anaomba moja kwa moja chuoni. Kila chuo kina fomu yake na ada yake ya maombi, kwa kawaida shilingi 10,000, na ukiomba kozi usiyo na sifa nayo, hela hairudi. Kwa hiyo kitu cha kwanza kufungua ni mwongozo wa udahili ambao TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) huuweka bure kwenye tovuti yake kila mwaka. Vipeperushi vya vyuo vije baadaye.

Iko miongozo miwili: mmoja wa waliomaliza kidato cha sita, mwingine wa wenye stashahada na sifa linganishi. Angalia mwaka wa masomo kwenye jalada, maana kwenye magrupu ya WhatsApp inazunguka ya miaka iliyopita, na sifa hubadilika.

Ndani ni majedwali, chuo kwa chuo: jina la kozi na msimbo wake, sifa, pointi za chini, idadi ya nafasi, miaka ya kusoma. Kwa usahihi, hakuna anayeufikia. Kwa urahisi wa kutumia, hapana: umeandikwa Kiingereza tupu, kurasa ni nyingi mno na huwezi kuchuja kozi kwa tahasusi yako. Usiusome mwanzo hadi mwisho. Andika jina la kozi kwenye sehemu ya kutafuta, uruke chuo hadi chuo.

Safu ya sifa ndiyo inayowaangusha wengi. Kiwango cha jumla ni prinsipo mbili (yaani masomo mawili ya kidato cha sita uliyofaulu kwa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Lakini pointi hizo zinahesabiwa kwenye masomo mawili yanayotakiwa na kozi, si kwenye mawili uliyofaulu vizuri zaidi. Chukua mwanafunzi wa CBG mwenye E ya Kemia, D ya Biolojia na B ya Jiografia. Ukijumlisha yote matatu ana pointi 7. Kwa kozi inayotaka Kemia na Biolojia ana 3, na hapo hana sifa, hata Jiografia ingekuwa A.

Halafu soma sentensi mpaka nukta ya mwisho. Kozi nyingi za biashara na uchumi zina mkia: kama Hisabati si mojawapo ya prinsipo zako, uwe na S (alama iliyo chini ya E) ya Hisabati ya kidato cha sita au angalau D ya Hisabati ya kidato cha nne. Mwenye F ya Hisabati ya kidato cha nne aliyesoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) anakwama hapo, na wengi hawaoni sharti hilo kwa sababu wameishia kwenye orodha ya masomo.

Usichoweza kukipata humo ni ushindani. Pointi za chini zinakuruhusu kuomba tu. Kozi yenye nafasi chache huchukua wenye alama za juu kwanza. Changanya basi: kozi moja ya kugombania, mbili ambazo alama zako zimezidi kiwango waziwazi. Ada na michango itafute kwenye tovuti ya chuo chenyewe.

Ukienda kujaziwa fomu steshenari, hakikisha namba ya simu na barua pepe ni zako. Hili si dogo. Anayechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwa ujumbe mfupi, ndani ya muda uliotangazwa. Namba hiyo ikienda kwa mwenye duka, nafasi inaweza kupotea huku jina lako lipo kwenye orodha.

Mkopo ni ombi jingine kabisa, kwa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu), na mwongozo wao una toleo la Kiswahili, jambo ambalo TCU wangeliiga. Tumia namba ileile ya mtihani wa kidato cha nne uliyoombea chuo, na cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, mapema, kabla foleni ya mtandaoni haijawa ndefu.